Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari, maji na mazingira: Yapimeni maji ya Rufiji

Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mazingira, maji, uvuvi na maliasili. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchumi wa buluu Zanzibar. Wakuu wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Na ninyi nyote mnaotuwakilisha kwenye mikutano ya tabianchi,

Asalaam aleykum, na poleni na majukumu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi wa Delta ya Rufiji, na mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Wekundu ule ulitokana na magondi, yaani magome ya mkoko yaliyochemshwa kwenye pipa hadi maji yakawa kama chai ya rangi iliyokolea. Nyavu za pamba zilichovywa humo zisioze upesi kwa chumvi. Kazi yangu mimi, mtoto, ilikuwa kukoroga. Siku moja nikamuuliza rangi yote ile imekaa wapi ndani ya mti. Akanishika mkono akanipeleka kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari, lililokuwa nyuma ya nyumba, maji yakiwa yanakupwa, akanionyesha yanavyotoka kati ya mizizi yakiwa na rangi ileile ya pipa. "Mti unajikamua," akasema. "Kila maji yakitoka, unajikamua."

Nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya maji kwa miaka mingi sasa, na bado sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya babu.

Kitu anachojikamua mti kina jina refu la kitaalamu. Mimi nitakiita kaboni ya viumbe iliyoyeyuka majini, au kwa kifupi kaboni iliyoyeyuka. Jani la mkoko likidondoka hutoa rangi na sukari zake kama majani ya chai kwenye birika. Vile vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea juu ya bahari nzima na ambavyo ndivyo malisho ya samaki wote, navyo huvuja sukari vikiwa hai, na vikifa au vikitafunwa hupasuka vikamwaga vilivyomo. Mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani huvuja vilevile. Vyote hivi huingia kwenye maji vikawa sehemu ya maji: havitui chini, havielei juu, na hakuna wavu wa kuvinasa. Kaboni hii jana ilikuwa hewani. Mti au kimea kiliivuta ikiwa hewa ukaa, kikajijengea mwili, na sasa imo baharini.

Ukichota lita moja ya maji ya kilindini utakuta humo kama nusu miligramu tu ya kaboni hii, uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Juu, jua linakopiga, huwa karibu mara mbili ya hapo. Ni kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kusema hakuna kitu. Lakini bahari ni bahari. Dennis Hansell wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake walipojumlisha vipimo vya bahari zote mwaka 2009, walipata tani bilioni 662 za kaboni. Miti, nyasi na mazao yote ya nchi kavu, tangu misitu ya Kongo hadi ya Amazon, yana kama tani bilioni 450. Hewa yote inayotuzunguka, pamoja na yote tuliyoiongezea kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ina karibu tani bilioni 900. Nafuatilia hotuba zenu kwenye mikutano ya tabianchi, na mnaposimama kuitetea misitu mnafanya vyema. Ghala hili lililo kubwa kuliko misitu yote ya dunia sijalisikia likitajwa na yeyote kati yenu.

Na ni ghala la ajabu. Mwaka 1969 wanasayansi walipima kwa mara ya kwanza umri wa kaboni iliyoyeyuka kwenye kilindi cha Pasifiki, wakapata zaidi ya miaka 3,000. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba kwa wastani ile ya vilindi vya Atlantiki ina miaka kama 4,000, na ya kaskazini mwa Pasifiki kama 6,000. Maji yenyewe huchukua kama miaka elfu moja kuzunguka kutoka juu kwenda kilindini na kurudi. Maana yake kaboni hii imezunguka dunia mara kadhaa, imepita mbele ya bakteria wasiohesabika, na haikuliwa. Ilikuwa humo kabla Kilwa haijawa mji.

Kwa nini haikuliwa? Hapa wataalamu wamegawanyika, na mgawanyiko wao una maana kwenu kuliko unavyoonekana. Wapo wanaosema bakteria hula kwanza vitamu, sukari na mfano wake, kwa saa au siku chache, na katika kula kwao huacha makombo magumu yasiyomeng'enyeka. Nianzhi Jiao wa Xiamen, China, na wenzake waliieleza kazi hiyo mwaka 2010 kama pampu: viumbe vidogo mno vinavyoigeuza kaboni laini kuwa kaboni sugu. Wengine wanasema ugumu siyo sababu pekee. Chakula kipo, ila ni aina maelfu kwa maelfu, na kila aina imetawanyika mno hata bakteria anatumia nguvu nyingi kuifuata kuliko shibe anayoipata. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015, ambapo maji ya kilindini yalikolezwa na bakteria wakaonekana wakila, yaliwapa hawa wa pili hoja ya kusimamia. Kama wa kwanza wako sahihi, ghala lina kufuli. Kama wa pili wako sahihi, ghala limehifadhiwa na umbali tu kati ya mla na chakula.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ya hesabu moja. Asilimia 1 ya tani bilioni 662 ni zaidi ya tani bilioni 6. Binadamu wote kwa mwaka mzima, kwa viwanda, magari, ndege na mitambo ya umeme, tunatoa kama tani bilioni 10 za kaboni. Bahari ikipoteza asilimia 1 tu ya kaboni yake iliyoyeyuka, ikarudi kuwa hewa ukaa, ni kama zaidi ya nusu mwaka wa moshi wa dunia nzima umeongezwa juu ya moshi uliopo. Na bahari ikiongeza asilimia 1, ni nafuu ya ukubwa uleule. Sisemi kwamba jambo hilo linatokea kesho. Ghala hili hubadilika polepole. Nasema kitu chenye uzito huo hakiachwi bila mtu wa kukiangalia.

Kinachoendelea juu ya maji tunakielewa vizuri zaidi, na kwa hilo tuwashukuru watu wavumilivu. Karibu na kisiwa cha Bermuda, tangu 1988, meli hutoka mwezi baada ya mwezi kuchota maji mahali palepale. Kwa kuchota huko iligundulika kwamba wakati wa joto kaboni iliyoyeyuka hurundikana juu, na baridi ikija na upepo wake, bahari huchanganyika, ikaizamisha hadi mita mia mbili na zaidi. Kwa dunia nzima, kuzamishwa huku hupeleka chini takriban tani bilioni 2 za kaboni kila mwaka, kama sehemu moja ya tano ya yote ambayo uhai wa baharini huyapeleka chini.

Sisi watu wa pwani hili halitushangazi, maana tunayo kusi na kaskazi. Wakati wa kaskazi bahari yetu huwa shwari na vuguvugu, maji ya juu yamelala juu ya ya chini kama mafuta juu ya mchuzi. Kusi kikianza, upepo na ubaridi huvuruga, na tabaka la juu lililochanganyika huenda chini zaidi. Ndicho kipindi ambacho bahari yetu ina nafasi ya kuzamisha alichokikamua mti. Sasa angalieni: magharibi ya Bahari ya Hindi imepata joto la nyuzi zaidi ya moja tangu mwanzo wa karne iliyopita. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto ndivyo yanavyozidi kukataa kuchanganyika. Mti unajikamua kama zamani, lakini mkono wa kuishindilia kaboni chini unadhoofika, na bakteria kwenye maji ya moto wanakula haraka zaidi.

Nije nyumbani.

Mikoko ya dunia nzima haifiki sehemu moja ya elfu ya nchi kavu. Hata hivyo Thorsten Dittmar na wenzake, waliofanya kazi kwenye mikoko ya kaskazini mwa Brazili, walikadiria mwaka 2006 kwamba zaidi ya asilimia 10 ya kaboni sugu iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini hutoka kwenye mikoko. Someni tena sentensi hiyo, waheshimiwa. Mito yote ya dunia humwaga baharini kama tani milioni 250 za kaboni iliyoyeyuka kwa mwaka. Mto Kongo peke yake humwaga kama milioni 12, wa pili baada ya Amazon, na hilo linajulikana kwa sababu watu walikwenda ukingoni Brazzaville wakachota maji mwezi baada ya mwezi kwa miaka. Na sisi tunayo Delta ya Rufiji: takriban hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa delta moja Afrika Mashariki, umo kwenye eneo la Ramsar (ardhioevu inayotambuliwa kwa mkataba wa kimataifa) la Rufiji-Mafia-Kilwa tangu 2004, na mbele yake iko Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995. Mfululizo wa vipimo vya kila mwezi vya kaboni iliyoyeyuka kwenye milango ya mto huo nimeutafuta kwenye kila kabati nililofunguliwa. Sijauona.

Mngekuwa nasi siku ya bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, mngeelewa kwa nini kukosekana kwake kunanikera. Tunatoka Nyamisati alfajiri maji yakiwa yamejaa. Maji yaliyoingia usiku ni ya baharini, meupe, ukitumbukiza kafi unaliona hadi mwisho. Tunaingia kwenye hori, tunafunga mtumbwi kwenye mzizi wa mkoko, tunazima kila kitu. Hakuna kuvuta sigara, hakuna injini, hata chai haimiminwi, kwa sababu moshi na mvuke wa chai navyo ni kaboni. Chupa ni za kioo, zimechomwa kwenye tanuru la nyuzi 450 kwa saa kadhaa hadi kila alama ya kidole imeungua. Mchotaji amevaa glavu. Saa mbili maji yanaanza kukaza mwendo. Saa tatu mizizi imeanza kuonekana, na kutoka kwenye kila tundu la kaa kwenye tope panatoka kijito chembamba kama kidole. Hapo ndipo rangi inapokuja. Kwanza kama majani makavu, halafu kama chai, na ikifika saa nne, maji yakiwa yamebakiza kidogo kukauka, chupa ukiinyanyua dhidi ya jua ni rangi ya pipa la babu. Maji yale yale yaliyoingia meupe. Kwa saa sita yameukamua msitu, na yanakwenda nayo Mafia.

Kisha ni kuchuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, matone ya asidi, na kugandisha. Maabarani, sampuli hupulizwa hewa safi kuondoa hewa ukaa iliyokuwemo, halafu tone huingizwa kwenye bomba lenye joto la nyuzi kama 700 na kichocheo cha platinamu. Kila kilichokuwa mti kinageuka hewa ukaa, na mashine inakihesabu. Kazi ya dakika chache kwa kila sampuli, ukiwa na mashine.

Maabara moja niliyowahi kufanyia kazi, sitaitaja, ilikuwa nayo mashine hiyo. Kichocheo kilipochoka, ombi la kuagiza kingine lilikaa kwenye faili hadi mwaka wa fedha ukaisha, likaanza upya, likakaa tena. Tukaendelea kuchota tukiamini litapita. Chupa zikajaa kwenye friza. Kisha umeme ukakatika siku tatu mfululizo, jenereta haikuwa na mafuta, na mafuta hayakuwa na mtu wa kuidhinisha. Nilifika Jumatatu asubuhi nikafungua friza, harufu ikanijulisha kabla ya macho. Misimu miwili ya kusi, na mvua za masika kati yake, ilikuwa imeoza humo. Nilizimwaga mwenyewe chupa moja moja kwenye sinki. Siandiki haya kumshtaki mtu. Waliokuwepo walifanya walichoweza. Naandika kwa sababu masika yale hayatarudi, na kilichotokea siku chache tu baadaye kwenye mto ule hakina tena cha kulinganishwa nacho.

Kwa maana mto umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Ni mradi wa megawati 2,115, nchi inauhitaji umeme huo, na mimi, niliyepoteza misimu miwili kwa umeme kukatika, sitakuwa wa kwanza kuulalamikia. Lakini bwawa linaloshika maji mabilioni ya mita za ujazo linashika na tope pia. Tope ndilo linaloijenga delta na kuushikilia mkoko usimame. Msitu na nyasi zilizofunikwa na maji huoza kwa miaka, zikitoa methani na kaboni iliyoyeyuka ya aina nyingine. Mafuriko ya kila mwaka, yaliyokuwa yakiisuuza delta, sasa yanaamuliwa kwa milango ya chuma. Mwaka huo kabla ya kujaza ndio ulikuwa wa kupata kipimo cha mwanzo, na umepita. Tusiupoteze na huu.

Upande wa kaskazini wa Delta, ambako maji baridi ni mengi, mikoko inakatwa na kuchomwa kupisha mpunga. Nawajua wanaokata. Wengine ni ndugu zangu. Wanalima misimu kadhaa, kisha magugu na kaa wanawashinda, wanasogea mbele kwenye msitu mwingine. Kuwapeleka askari wa misitu na kuwachomea vibanda hakujawahi kumshibisha mtu, na mkoko haukuota kwa hilo. Wapeni maji ya kumwagilia na mbegu kwenye ardhi ya juu, kwa maandishi, kabla ya kuwaambia watoke. Na kwenye yale mashamba yaliyotelekezwa, fungueni njia za maji ya bahari yaingie tena. Mchu, ndugu wa mkoko, na mkoko wenyewe hurudi bila kupandwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, kuliko hata miche tunayoipanda siku za maadhimisho.

Sasa niseme kuhusu biashara ya kaboni, kwa kuwa kanuni zake tunazo tangu 2022 na wageni wenye mikataba wameanza kupanda boti. Gazi, Kwale, jirani zetu Wakenya walionyesha njia: mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tu, umekuwa ukiuza kaboni tangu 2013 na fedha zake zikaingia kwenye maji ya bomba na shule za kijiji. Nawavulia kofia. Ila hesabu ya miradi ya aina hii ni ya mti uliosimama, mizizi na tope lililo chini yake. Kile kinachotoka na maji kila siku hakimo. Kwa mti wa Gazi na mti wa Rufiji, sehemu ya kazi yake inafanyika mbali na mahali uliposimama, na hailipwi wala haiandikwi.

Msiniambie basi tukiuze na hicho haraka. Hapa nataka kuwa mkweli hata kama ukweli unapunguza nguvu ya barua yangu. Kaboni inayotoka horini siyo yote inayokaa. Sehemu huliwa na bakteria ndani ya siku chache ikarudi hewani. Sehemu huvunjwa na jua, maana ile rangi ya chai hupauka juani kama kitenge. Inayobaki ndiyo inayohesabika, na sehemu hiyo haijulikani kwa kubuni wala kwa kukopa takwimu za Brazili. Mtu akija na mkataba unaohesabu kaboni ya baharini ya Rufiji, au anayetaka kulima na kuzamisha mwani kwenye kilindi chetu kwa jina la tabianchi, mwulizeni kwanza: vipimo vyako viko wapi, vya miezi mingapi, na maabara ipi ilivithibitisha? Asipojibu, mrudishieni kalamu yake.

Na vipimo vibaya ni hasara kuliko kutokuwa navyo. Mwaka 1988 wanasayansi wawili wa Japani, Sugimura na Suzuki, walitangaza kwamba bahari ina kaboni iliyoyeyuka nyingi mno kuliko ilivyodhaniwa. Dunia ya sayansi ikapinduka, miaka ikatumika kufuatilia namba zile. Mwaka 1993 Suzuki mwenyewe alijitokeza akaziondoa, kwa maandishi, mbele ya wenzake wote. Namheshimu mno kwa hilo. Tangu hapo imekuwa desturi kila maabara kupima pia chupa za maji ya kilindini zinazotumwa kutoka maabara ya Hansell kule Miami, ili namba ya Zanzibar na namba ya Tokyo zimaanishe kitu kimoja. Chupa hizo nasi tunaweza kuziomba.

Ninachowaomba ni kidogo kuliko gharama ya semina moja ya hotelini, na nimeshahudhuria semina nyingi. Teueni sehemu chache zisizobadilika: daraja la Mkapa, kabla mto haujaifikia mikoko, mlango mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini wa Delta, na moja katikati ya mkondo wa Mafia. Maji yachotwe huko kila mwezi, bamvua na maji mafu (yanapojaa na kukupwa kidogo), kwa miaka isiyopungua kumi, mabadiliko ya mawaziri yasiikatize. Wachotaji wawe vijana wa Nyamisati na wa Delta, wafundishwe na walipwe kama watumishi, maana hori wanalijua usiku na mchana. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar ipewe fungu lake la vipuri na umeme wa akiba, fungu ambalo halikopwi kulipia posho. Namba zipelekwe kwenye kituo cha taifa cha kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na zibandikwe wazi kila mtu azisome, hata mvuvi. Wenzetu wa Mombasa wana meli ya utafiti, RV Mtafiti. Bahari haina mpaka wa Horohoro, tukubaliane nao wachote upande wa nje ambako mitumbwi yetu haifiki. Meli za kimataifa zilipita mstari wa magharibi ya Bahari ya Hindi mwaka 1995, kisha kwa hofu ya maharamia hazikurudi hadi 2018. Miaka 23 kati ya kipimo na kipimo. Hatuwezi kuwategemea wageni kwa bahari iliyo mlangoni petu.

Na kwa wale wa Bodi ya Maji na wasimamizi wa bwawa, hili ni lenu peke yenu: tangazeni kila mwezi maji yanayoachiwa, kiasi na siku. Bila hiyo, mimi nikiona rangi imepungua horini sitajua kama mti umechoka au mlango umefungwa.

Bamvua la mwezi ujao nitakuwa gatini Nyamisati kabla ya sala ya alfajiri, na chupa kumi na mbili zilizochomwa. Mtumbwi unabeba watu watano na sisi tuko wanne. Nafasi ya tano nimewawekea. Atakayekuja asipake manukato, avae viatu vya kuzamia tope, na asiwe na haraka, kwa sababu maji hayatatoka horini kabla ya saa nne.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa maabara ya maji,
mzaliwa wa Mafia, mjukuu wa Delta